Mkono wa Mashoto

Kituoni, 3 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako limeacha kelele. Mkaza mjomba naye hajambo? Mwambie ile kofia aliyonifumia naivaa hata ndani ya nyumba, maana baridi ya huku haina adabu. Mimi mzima. Mtandao bado haufiki, kwa hiyo usininunie kwa sababu ya simu. Barua zinateremka na gari la maziwa kila baada ya wiki mbili, gari lenyewe likipenda.

Umeniuliza kazi yangu hasa ni nini, kwa sababu ukiwaambia wenzako mpwa wako ni daktari wakauliza daktari wa nini, unajifanya unakohoa. Haya, acha kukohoa. Kuna ugonjwa wa kuvu unaoua vyura. Chura hunywa maji kwa ngozi, na pumzi yake nyingine inapita humo humo. Kuvu ikimwingia, ngozi inakuwa ngumu, ananyoosha miguu ya nyuma, moyo unasimama. Kijito chetu kina chura mmoja mdogo, mgongo wa kijani, tumbo la madoadoa, ambaye hayupo kwingine duniani. Kuvu ilipoanza kumkaribia tuliwatoa majini wote tuliowaona, tukawaweka kwenye matangi mawili ya kioo katika chumba cha baridi. Wako arobaini. Wakifa hao, basi tena. Kijito kikithibitika kuwa safi, tutawarudisha. Ndiyo maana haingii mtu chumba kile bila kukanyaga beseni la klorini mlangoni. Hata aje waziri, atakanyaga.

Tuko wawili tu hapa. Mwenzangu ni fundi wa mitambo ya baridi, na watu wanamwita Mashoto kwa sababu kila kitu anafanya kwa mkono wa kushoto. Vyura wenyewe tunawatambua kwa madoa ya tumboni. Hatuwapindui, wanaogopa. Tunamkalisha chura juu ya kioo kisafi, chini yake tumeegesha kioo cha kujitazamia, na kamera imefungwa pale inatazama kile cha chini. Picha inatoka kushoto kumekuwa kulia, kwa hiyo lazima uigeuze kwenye kompyuta. Mwezi uliopita Mashoto alinijia mbio: "Daktari, tumepata jike jipya!" Tukanywa soda kwa furaha. Kumbe ni jike lile lile, ila picha hakuigeuza! Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Linalonikera ni moja. Juu yetu, karibu na barabara, yupo mfanyabiashara anayeitwa Bwana Ndoo. Anafuga vyura wakubwa wa kutoka mbali katika mabwawa ya saruji, anawauzia mahoteli. Vyura wa aina hiyo wanaweza kuubeba ugonjwa bila kuugua. Maji yake machafu yanateremka kwetu. Kesho nakwenda kuwapitishia vyura wake vijiti vya pamba ngozini, nipime.

Mpwa wako.


Nyumbani, 20 Machi

Daktari wa Vyura,

Marahaba, marahaba. Goti linalalamika lakini halijaandamana. Mkaza mjomba wako hajambo, ila amekasirika kwamba kofia unaivaa ndani. Anasema aliifuma ya kutokea. Klabuni kwangu kwa ndondi vijana wanaendelea. Yule mzito wangu ameshinda pambano lake Jumamosi, halafu akalia ulingoni kama mtoto aliyenyimwa maandazi. Nimeona aibu mimi.

Barua yako nimewasomea vijana wote. Miaka yote ile ya shule, kumbe unakwenda kupiga vyura picha za matumbo! Nakutania tu, mama. Nilipofika pale pa "wakifa hao, basi tena," hata mfuko wa mchanga uliacha kuyumba. Najivunia wewe.

Sasa nisikilize. Huyo mwenzako wa mkono wa kushoto simpendi. Sijamwona, lakini simpendi. Pambano langu la mwisho, lile lililonivunja pua, nilipigwa na shoto. Ngumi ya shoto inakuja kutoka upande ambao hukuuwekea mlango. Unakaa naye peke yako huko, mlango umefungwa, baridi, hakuna simu. Mimi mwanamume, najua ninachosema.

Na huyo wa mabwawa mwachie serikali. Ukilazimika kwenda, kumbuka: kidevu chini, mkono wa kulia shavuni. Dada yangu aliniachia mtu mmoja tu duniani, na mtu mwenyewe anacheza na vyura.

Mjomba wako.


Kituoni, 14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nyote hamjambo? Mimi sijambo. Samahani kwa mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto. Niliteleza kwenye mawe kijitoni, nimevunjika kifundo cha mkono wa kulia na uso umechubuka kidogo. Kliniki wamenifunga plasta. Usimwambie mkaza mjomba, atapanda basi.

Vyura wazima. Mashoto ananifanyia kila kitu siku hizi, mpaka kunifunga viatu. Mpongeze yule mzito.

Mpwa wako.


Nyumbani, 27 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima, salamu nitazimaliza siku nyingine.

Unamdanganya nani? Nimekaa ulingoni na kando ya ulingo zaidi ya nusu ya umri wangu. Mtu akianguka kwenye mawe anatanguliza viganja, uso unabaki salama. Mtu aliyevunjika kifundo kwa kujikinga asichubuke uso, hilo naliamini. Mtu aliyechubuka uso bila kuumia mkono, nalo naliamini. Vyote viwili kwa pamoja, hapana. Kuna mtu amekupiga, ukaanguka, halafu akakukanyaga mkono.

Nitumie picha ya uso wako. Mawe nayajua yanavyoandika usoni, na ngumi naijua. Na unitajie jina. Yeyote aliyefanya hivyo nitamtoa meno nimkabidhi mkononi ayahesabu. Usiniambie habari za polisi. Dawa ya moto ni moto.

Sijalala vizuri tangu barua yako ifike. Namwambia mke wangu ni goti.

Mjomba wako.


Kituoni, 12 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mkaza mjomba nimemwandikia peke yake, nimemwambia nimeteleza, tafadhali usiniumbue.

Basi, ni kweli, nilipigwa. Picha hii hapa, nimejipiga leo kwa kamera yetu ya matumbo maana nyingine sina, nikaichapa papo hapo, gari la maziwa linapiga honi nje. Tazama mwenyewe: uvimbe umekwisha, imebaki rangi ya manjano chini ya jicho. Nimepona. Umeridhika?

Jina sikutajii. Hata ukipanda juu ukashuka chini, sikutajii. Aliyenipiga ni mtu ninayemhitaji atulie, walau mwezi huu. Akikasirishwa sasa hivi, kazi yote itakwenda na maji, na hilo si neno la mdomoni tu. Tena naijua mikono yako, Mjomba. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka ulivyomfanya yule kondakta aliyemtukana mama. Sitaki mtu afe kwa ajili yangu.

Habari njema: lile jike letu la soda limejaa mayai. Ukimtazama kwa chini unayaona ndani, meupe, yamejipanga. Likitaga salama litakuwa la kwanza kutaga humu chumbani. Mashoto anamlisha mwenyewe nzi wadogo, mmoja mmoja, na anaongea naye. Anamwita "mama mkwe".

Nakuomba sana, tulia.

Mpwa wako.


Nyumbani, 25 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba ya mwisho kabla hatujaonana.

Picha yako nimeiweka mezani chini ya taa, nikaitazama siku nzima. Uliniambia "umeridhika?" Nimeridhika, ndiyo. Jicho lililopigwa ni la kulia. Alama inaanzia kwenye mfupa wa shavu inapanda kuelekea sikioni. Ngumi hiyo imetoka mbele, imetoka kwa mtu aliyesimama anakutazama, na imetoka mkono wa kushoto. Mtu wa mkono wa kulia hakupigi hapo. Hata niamshwe usingizini nitakwambia hivyo hivyo.

Mtu unayemhitaji. Mtu ambaye akikasirika kazi inakufa. Anayekufunga viatu! Mwanangu, unadhani sikuona? Waliopiga wake zao ndio wanaowafunga viatu kesho yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na wewe umekivalia na kofia.

Nimemwachia mzito wangu funguo za klabu. Kesho alfajiri napanda basi. Usinipikie, usinitandikie. Nina kazi moja tu huko.

Mjomba wako.


Kituoni, 27 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Leo naandika kwa furaha, na kwa mkono wangu wa kulia japo plasta bado. Kesho nashuka kliniki nikatolewe. Mkaza mjomba alinijibu, barua yake ina matusi matamu kurasa tatu.

Sasa naweza kukutajia, kwa sababu watu wa idara ya wanyama wanafika wiki hii na hati ya kuyafunga mabwawa. Ni Bwana Ndoo. Nilimpelekea majibu ya vipimo: vyura wake wana kuvu, karibu wote. Nikamwambia asifungulie tena maji yake kijitoni. Alinisikiliza vizuri, akajifuta mikono kwa kitambaa, akanipiga ngumi ya uso. Nilipoanguka alipandisha buti juu ya mkono ulioshika vijiti vya pamba, akazungusha kisigino kama anazima sigara. Nikausikia mfupa. Akaniambia nikisema popote, atazibua mabwawa yote awaachie vyura wake kijitoni kwa usiku mmoja, nione nitawarudisha wapi hao wangu. Ndiyo maana nilinyamaza. Angeweza, na angefanya.

Mashoto ndiye aliyenikuta njiani akanibeba mgongoni mpaka kliniki. Njia nzima ananisimulia vichekesho vibaya nisizimie. Ungempenda, Mjomba. Pua yako isingekuruhusu mwanzoni, lakini ungempenda.

Sasa lala. Goti lipone.

Mpwa wako.


Mahabusu, 20 Juni

Mpwa wangu,

Sijui kama nina haki ya kukujulia hali. Mke wangu alikuja Jumanne na nguo na barua yako ya tarehe 27. Iliwasili nyumbani mimi nimeshakuja huku. Nimeisoma nimesimama. Tangu hapo sijaweza kula, wenzangu wa chumba wanagawana chakula changu.

Nitakwambia yote, maana polisi nimewaambia nusu.

Niliposhuka kwenye basi, siku ya tatu ya safari, niliambiwa njia ya kituoni inapita kwenye mabwawa. Pale nilimkuta mtu mnene, mpole, akanikaribisha chai. Nilikunywa, mpwa wangu. Vikombe viwili. Nikamwambia namtafuta shoto wa kituoni, nina deni naye. Akacheka, akasema, "Yupo, saa hizi analisha." Akanionyesha njia ya mkato katikati ya mabwawa, tope likanifunika viatu, na tulipoagana tukapeana mikono. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu bichi kwenye vifundo vya vidole. Mimi, ninayejidai kusoma ngumi, niliutazama nikasema moyoni, mchapakazi huyu.

Mlangoni kwenu palikuwa na beseni. Maneno yako niliyakumbuka kabisa. Nikasema sikuja kunawa miguu, nikaliruka.

Alikuwa amenipa mgongo. Nikaita, "Mashoto!" Akageuka anatabasamu, na mkono wake wa kushoto umekunja ngumi, ameuweka kifuani. Nikasema, haya, amejiandaa. Ya kwanza ilimpata mdomoni, nikasikia meno yakiachia. Ya pili nilimpiga chini ya mbavu. Alijikunja lakini hakurudisha. Alisema "ngoja," mara mbili, damu inamtoka puani. Sikungoja. Ya tatu nilimpiga tayani kwa nguvu zangu zote, akaenda na kichwa kwenye pembe ya chuma ya meza. Matangi yote mawili yalianguka naye. Maji, vioo, vyura wako wakirukaruka kwenye tope la viatu vyangu. Alipokuwa chini nilimpiga teke, na teke jingine. Kitu cha kunitia wazimu kilikuwa ile ngumi. Amelala, macho yamegeuka, na ngumi bado amekunja. Nikasema huyu mpaka sasa anataka kunipiga. Nikamkanyaga bega.

Halafu nikasikia mashine ya baridi inanguruma. Nikakaa sakafuni mpaka mtu wa gari la maziwa alipotukuta, na polisi wakaja kunichukua.

Nina maswali mawili, mengine sina. La kwanza: picha ile nimeipigia hesabu mara mia humu ndani kwa kichwa. Jicho lilikuwa la kulia. Bwana Ndoo anatumia mkono wa kulia, nimeushika mimi mwenyewe. Nilikosea wapi? La pili: kwa nini hakuinua mkono? Hata mtoto wa siku ya kwanza klabuni, ukimtupia ngumi anainua mkono. Yeye alikuwa na mkono mzuri, umekunjwa tayari, mahali pake. Kwa nini hakuuinua?

Mke wangu anasema Mashoto hajaamka bado. Akiamka, mwambie nitakapotoka nitapiga magoti mbele yake, goti bovu ndilo la kwanza.

Mjomba wako.


Kituoni, 9 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Hiyo ni haki ya umri wako na siiondoi. Mkaza mjomba yuko hapa kwangu tangu wiki iliyopita. Anafua, anapika. Mzito wako ameifunga klabu.

Barua yako ya tarehe 25 Mei ililetwa na gari la maziwa siku nyingi baada ya wewe kuja. Niliifungua nikijua tayari kilichomo.

Mashoto hakuamka. Alifariki Jumapili mchana, mama yake amemshika mguu. Bwana Ndoo alikuja msibani. Mabwawa yake yamefungwa, ametozwa faini, na yuko nje. Alinipa pole kwa mkono ule ule, na mimi nikaupokea kwa sababu mama wa marehemu alikuwa anatazama.

Swali lako la kwanza. Ile kamera yetu haimtazami mtu, inatazama kioo. Nilikuandikia Machi, ukawasomea vijana. Picha ya uso wangu sikuigeuza, gari lilikuwa linapiga honi. Jicho lililopigwa ni la kushoto.

Swali lako la pili. Siku ile mimi nilikuwa kliniki natolewa plasta. Mashoto aliletwa pale pale kwa gari la maziwa, na mimi nilikuwepo muuguzi alipomfungua vidole vya mkono wa kushoto, kimoja kimoja, maana vilikuwa vimekaza. Ndani alikuwemo yule jike. Alikuwa amemtoa kwenye tangi amlishe ulipomwita. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ngumi ya kweli haina nafasi ndani, vidole vinabana kiganja mpaka kucha zinaacha alama. Yake ilikuwa na nafasi. Ulimvunja meno, ukamvunja mbavu tatu, ukampasua kichwa, ukamkanyaga bega, na hakumbana chura. Angeinua mkono ule, angemwangusha. Alikwambia ngoja. Alitaka kumweka chini kwanza.

Jike alitoka mkononi mwake mzima, hana hata mchubuko. Nilimtia kwenye kikopo cha kliniki chenye maji safi na hajarudi chumba kile tena. Ndiyo sababu yuko hai. Waliobaki chumbani niliwaokota sakafuni mmoja mmoja katika tope lako, nikawaosha, nikawatia dawa. Tope lilikuwa la mabwawa. Wiki ya pili ngozi zilianza kubambuka, wakawa wananyoosha miguu. Nilikesha nao na dawa, nikazidisha, nikapunguza. Wa mwisho alikufa juzi, na madume wote walikuwa humo.

Kesi yako ikisomwa nitakuwepo. Wakili wako ameniomba niseme ulivyonilea, nami nitasema, kwa sababu ni kweli. Halafu mwendesha mashtaka atanisimamisha upande wake, na hayo mengine nitayasema pia, neno kwa neno, pamoja na beseni uliloliruka. Usiniombe nisiseme. Nakupenda, Mjomba, na sijui nikupeleke wapi moyoni.

Jike alitaga Alhamisi. Alitaga vizuri, mayai mengi, kwenye jani nililomwekea, akakaa kando yake kama anavyopaswa. Dume la kuyarutubisha hakuna, hapa wala popote. Jana yalianza kugeuka rangi, lakini bado anayalinda, na sijapata moyo wa kuyaondoa.

Nimempiga picha ya tumbo kwa ajili ya kumbukumbu. Nimeigeuza.

Mimi,
mtoto wa dada yako.